Fomu Ikiandika "Kiswahili" Tu: Namna ya Kudai Mkalimani Anayekuelewa

Mkimbizi anapofika mbele ya dawati la kuandikishwa, iwe Nakivale nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya, Nyarugusu nchini Tanzania au kwenye uwanja wa ndege wa Ulaya, huulizwa maswali mengi ya kumtoa jasho. Katikati yake kuna moja linalopita upesi: unazungumza lugha gani? Anajibu, "Kiswahili." Afisa anaandika, wanaendelea. Tangu hapo kila mkalimani atakayeitwa na kila mahojiano ya kesi yake yatafuata neno hilo moja, na inaweza kupita miaka kabla hajapata nafasi ya kulirekebisha.

Mbajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia, Mbembe wa Fizi mashariki mwa Kongo, Mnyamulenge wa Minembwe huko huko, Mrundi aliyezaliwa katika makazi ya Mishamo nchini Tanzania na mtu wa Lubumbashi, wote wanaweza kujibu hivyo bila kusema uongo, na bado wasielewane vizuri wakianza kusimuliana jambo zito. Nchi inayowapokea hudhani imeshatimiza wajibu wake: mtu ni wa Kiswahili, kaletewa mkalimani wa Kiswahili. Kumbe mkalimani alikulia Nairobi au Dar es Salaam, na hajawahi kukaa na mtu wa Uvira, Kivu Kusini, akisimulia msiba. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya mkimbizi mwenyewe, na kwa ndugu au jirani anayemsindikiza ofisini.

Jibu swali la lugha kwa maneno mengi

Ukiulizwa lugha, toa mambo manne: lugha uliyoanza kuisema nyumbani, Kiswahili chako ni cha wapi, lugha unazozisikia lakini huwezi kujieleza kwazo, na mkalimani ambaye usingependa aletwe. Kwa mfano: "Lugha yangu ya nyumbani ni Kibembe. Kiswahili changu ni cha Fizi, Kivu Kusini. Kifaransa nasoma kidogo, kujieleza siwezi." Omba iandikwe hivyo hivyo, na kama fomu ina kisanduku kimoja tu, omba iandikwe pembeni au kwenye maelezo ya faili. Maafisa wengi hawakatai. Hawajawahi kuombwa tu.

Wazee ndio huumia zaidi hapa. Yuko mama aliyeishi kijijini maisha yake yote, Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani. Kinamtosha kununua dagaa na kumsalimia mchungaji, hakimtoshi kueleza jinsi mwanawe alivyouawa. Mtoto aliyemsindikiza anajibu kwa niaba yake, "Anajua Kiswahili," kwa sababu foleni ni ndefu na kuna aibu fulani katika kusema mama hajui. Usifanye hivyo. Sheria za hifadhi za Umoja wa Ulaya zinataka mwombaji ahojiwe kwa lugha aliyoichagua, isipokuwa kama kuna lugha nyingine anayoielewa na anayoweza kujieleza kwayo kwa ufasaha. Ukishatamka kwamba mama anajua Kiswahili, umewapa ruhusa ya kuacha kumtafutia mkalimani wa lugha yake ya nyumbani.

Jambo la nne, mkalimani usiyemtaka, watu huona haya kulisema. Aliyekimbia mapigano kati ya jamii yake na jamii jirani anaweza kufunga mdomo akiona mkalimani ni wa upande ule, hata kama mkalimani huyo ni mtu mwema aliyekimbia vita hivyo hivyo. Vivyo hivyo kambini, ambako mkalimani anaishi mtaa wa tatu kutoka kwako na mkewe huteka maji pamoja na wako. Hoja hizi zinakubalika. Huna haja ya kumtuhumu mtu kwa lolote; sema tu, "Sitaweza kusema yote mbele yake," na uombe mwingine.

Haki hii inatoka wapi

Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi haukuweka kifungu cha ukalimani. Lakini kitabu cha mwongozo cha UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1979 na kinachotumiwa mpaka leo na maafisa na mahakama za nchi nyingi, kinasema mwombaji apewe nyenzo zinazohitajika, akiwemo mkalimani mwenye uwezo. Shikilia hayo maneno mawili ya mwisho. Mtu yeyote anayejua Kiswahili kidogo na Kiingereza kidogo hatoshi.

Nchi zimetofautiana katika kuitekeleza haki hii. Uingereza huleta na kumlipa mkalimani wa mahojiano ya hifadhi, na unaweza kuomba awe wa kike au wa kiume. Marekani kuna mtego unaowanasa wengi: ukienda kuhojiwa kwenye ofisi ya hifadhi, mkalimani unakuja naye mwenyewe. Awe ametimiza miaka 18, na asiwe wakili wako, shahidi wako wala mwakilishi au mfanyakazi wa serikali ya nchi uliyoikimbia. Ukienda bila mkalimani na bila sababu nzuri, unaweza kuhesabiwa kama hukufika kabisa. Lakini kesi ikipelekwa kwa jaji wa uhamiaji, mahakama ndiyo inayoleta mkalimani. Ofisi mbili za serikali moja, taratibu mbili, kwa hiyo soma barua ya wito mpaka mwisho.

Kwa aliyekamatwa na kufikishwa mahakamani Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi. Katiba ya Uganda nayo inasema hivyo katika ibara ya 28. Haki hizo hazibagui kati ya raia na mgeni. Mkimbizi akiulizwa na hakimu kama ameelewa shtaka, asitikise kichwa kwa heshima. Aseme, "Sijaelewa, naomba mkalimani," na ataje lugha kama tulivyosema.

Dakika tano za kwanza na mkalimani

Kabla maswali hayajaanza, karibu kila afisa huuliza kama wewe na mkalimani mnaelewana. Wengi hujibu ndiyo kwa sababu wamesalimiana vizuri. Salamu si kipimo. Omba mzungumze kidogo: ulizia alipojifunzia Kiswahili, mweleze ulivyosafiri asubuhi hiyo, kisha msikilize anavyokujibu. Kama unatoka Kongo, mtajie maneno ya huko uone kama anayajua.

Chukua neno grupema. Kwa Mkongo ni eneo la utawala wa kimila, lenye vijiji vyake na chifu wake, chini ya sheferi au sekta. Mkalimani asiyelijua anaweza kusikia "kundi". Mzee akisema alikuwa kiongozi wa grupema, afisa akaandikiwa kwamba alikuwa kiongozi wa kundi, na maneno hayo yakakaa kwenye faili la mtu aliyetoka eneo lililojaa makundi yenye silaha, mzee huyo ameingia matatani bila kujua. Mkataba wa 1951 unawanyima hifadhi watu waliotenda uhalifu wa kivita, na maafisa wamefundishwa kuchimba kila penye dalili. Basi mwambie mkalimani mapema: grupema ni eneo, bariyeri ni kizuizi cha barabarani, teritware ni sehemu ya jimbo. Akiwa muungwana atashukuru.

Ukiona hamwelewani, sema wakati huo huo, si mwishoni. Lugha nzuri ya kutumia ni hii: "Samahani afisa, mkalimani namheshimu, ila Kiswahili chetu kinatofautiana na naogopa maelezo yangu yatapotea. Naomba hili liandikwe, na naomba mwingine." Hata usipompata mwingine siku hiyo, ombi lililoandikwa litamsaidia wakili wako baadaye. Linaweza kumaanisha kusubiri tarehe mpya, na najua kusubiri kunavyochosha mtu ambaye maisha yake yote yamesimama. Bado ni afadhali kuliko kunyimwa hifadhi na kukata rufaa dhidi ya maneno ambayo hukuyasema.

Familia: hapa ndipo faili nyingi huharibika

Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Dada ya mama ni mama, mdogo wake baba ni baba. Tunasema hivyo bila kufikiri, na ndivyo tulivyolelewa. Afisa wa nchi ya mbali anahesabu kwa njia nyingine: mama ni aliyekuzaa, mtoto ni uliyemzaa au uliyemwasili kwa hati. Mwaka huu umesema mama yako aliuawa 1998, mahojiano yajayo ukasema mama yuko kambini anaumwa. Kwako hakuna mgongano. Kwake, umedanganya.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2008. Marekani ilifanya majaribio ya vipimo vya vinasaba kwa watu waliokuwa wanaomba kuungana na ndugu zao, yakianzia Nairobi, na undugu uliotajwa katika familia nyingi haukuthibitika. Mpango huo wa kuunganisha familia ukasimamishwa, ukarudi mwaka 2012 ukiwa na sharti la vinasaba kwa mzazi na mtoto. Serikali iliona udanganyifu, na udanganyifu ulikuwepo. Lakini yeyote anayezijua familia zetu anajua pia kwamba mayatima wengi waliolelewa na shangazi waliandikwa "mtoto" kwa sababu ndivyo walivyokuwa wanaitwa nyumbani, na kipimo cha vinasaba hakina sehemu ya kuandika malezi.

Kwa hiyo, unapotaja mtu wa familia, ongeza kila mara jinsi anavyohusiana nawe kwa kuzaliwa. "Huyu namwita mama, ni dada wa tumbo moja na mama aliyenizaa." "Huyu ni mtoto wangu wa kumlea, baba yake ni kaka yangu, alikufa." Usimtaje yatima kama mtoto wa kuzaa kwa kudhani atapata nafasi kirahisi zaidi. Zipo taratibu za watoto wa kulea, na ukimwandika kwa uongo leo unaweza kumpoteza yeye na kesi yako. Kwa Wakongo kuna la ziada: bibi kwenu ni mke, kwa mkalimani wa Tanga ni nyanya, mama wa mzazi wako. Sema "mke wangu", halafu taja jina lake na mwaka mliooana. Kabla ya mahojiano, kaeni familia nzima mchore ukoo kwenye karatasi, nani alizaliwa na nani, nani alilelewa na nani. Kila mmoja aseme ukweli ule ule kwa maneno yanayoeleweka na mtu wa nje.

Saa, tarehe na umri

Saa mbili usiku kwetu ni saa ambayo Mzungu anaihesabu kuwa nane. Mkalimani akisahau kugeuza, au akigeuza saa ya Mkongo ambaye tayari anahesabu kwa Kifaransa, shambulio linahama kwa saa sita. Funga kila saa kwa jambo linaloonekana: "saa mbili usiku, giza limeingia, tumemaliza kula". Tarehe nazo zitaje kwa jina la mwezi, kwa kuwa Marekani huanza na mwezi kabla ya siku, na 3/7 kwao ni siku ya saba ya Machi. Kama tarehe huijui, usiibuni. Sema ilikuwa msimu wa kupanda maharage, au wiki mbili baada ya Pasaka. Wakimbizi wengi wameandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku halisi haikujulikana. Kama ni hivyo kwako, lieleze mapema, kabla halijageuzwa kuwa hoja dhidi yako.

Maneno tunayoyafunika

Kiswahili chetu kina stara. Mwanamke aliyebakwa atasema walimfanyia vibaya, au walimharibu, na kila mwenye kusikia kwetu ataelewa na kuinamisha macho. Mkalimani anaweza kutafsiri hayo maneno kama yalivyo, na afisa akaandika kwamba alitendewa vibaya: labda alitukanwa, labda alisukumwa. Jambo lenye uzito kuliko yote katika kesi yake linakuwa halimo kwenye faili. Mama, dada, kama umepitia hilo, una haki ya kuomba mhojaji na mkalimani wa kike, na watoto na mume wako watoke nje. Kama mdomo unakataa, mweleze kwanza daktari au mshauri unayemwamini, umwombe aandike ripoti. Wanaume nao wamefanyiwa haya huko mashariki mwa Kongo, na wao hunyamaza zaidi. Haya yote yanawahusu.

Neno jingine la kuangalia ni "kutoa". Mtu anasema, "Tuliwatolea waasi mbuzi na unga." Sheria ya Marekani inaweza kumzuia aliyelisaidia kundi lenye silaha, hata kwa chakula, na kuna msamaha kwa aliyelazimishwa. Ili msamaha huo ufikiriwe, lazima kulazimishwa kuonekane kwenye maelezo. Kama walikuja na bunduki wakachukua, sema walikuja na bunduki wakachukua. Eleza walikuwa wangapi, walitishia nini, na nini kilimpata aliyekataa. Kama ulitoa kwa hiari, usiseme vingine. Mpe wakili wako ukweli wote kabla ya siku ya mahojiano.

Usijisafishe lugha

Watu wengi wakiingia ofisini hujaribu kusema Kiswahili cha redioni. Ni adabu, na pia tumezoeshwa kuona haya kwa lafudhi zetu. Kwa mwomba hifadhi ni hatari, kwa sababu nchi kadhaa za Ulaya huchukua sauti yake na kuipeleka kwa wachambuzi waseme anatoka wapi. Uswisi ina kitengo chake, Lingua. Uingereza ilitumia kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab.

Wabajuni wanalijua hili kwa uchungu. Kibajuni kinasemwa visiwani kama Chula na Koyama, kusini mwa Kismayu, na pia upande wa Kenya kaskazini mwa Lamu. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 wengi walikimbilia Mombasa, wakaishi huko miaka, watoto wakakua wakisema Kimvita na Kiswahili cha shule. Walipofika Uingereza na kuomba hifadhi, baadhi yao waliambiwa lugha yao ni ya Kenya, kwa hiyo wao si Wasomali. Wanaisimu walikwishaonya mwaka 2004, katika miongozo yao kuhusu uchambuzi wa namna hii, kwamba lugha huonyesha mtu alilelewa wapi na miongoni mwa nani, wala haithibitishi uraia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ilisema ripoti za Sprakab zisipewe uzito maalumu kabla ya kupimwa, na mchambuzi asivuke mipaka ya utaalamu wake.

Ufanyeje? Zungumza kama unavyozungumza na ndugu zako jikoni. Kabla hujarekodiwa, simulia historia ya lugha yako: ulizaliwa wapi, wazazi walisema nini, uliishi kambi gani miaka mingapi, shule ilikuwa ya lugha gani, umeoa au umeolewa na mtu wa wapi. Mwombe mkalimani asikuongoze kwenye Kiswahili chake. Tukizungumza na mtu wa Mombasa, wengi wetu huanza kuongea kama yeye bila kujijua. Ripoti ikija dhidi yako, wakili aombe rekodi yenyewe ili mtaalamu mwingine wa lahaja yako aisikilize.

Kabla ya kusaini

Omba usomewe maelezo yako yote kwa lugha yako, majina na tarehe kwanza. Kosa likipatikana, lirekebishwe hapo na uweke alama pembeni. Ukigundua kosa nyumbani, peleka barua ya marekebisho upesi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hospitali na shule

Hata nje ya kesi ya hifadhi, lugha ina uzito wake. Mtoto asiwe mkalimani wa mama yake kwa daktari. Nchini Marekani, kanuni zilizotokana na sheria ya afya ya 2010 zinawakataza watoa huduma wanaopokea fedha za serikali kuu kuwategemea watoto, isipokuwa kwa dharura. Agizo la rais la mwaka 2000 lililozitaka ofisi za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza lilifutwa Machi 2025, na baadhi ya wahudumu huenda wakakuambia mambo yamekwisha. Lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi, haikufutwa. Omba mkalimani wa simu, taja Kiswahili cha wapi, na usikubali kusaini ridhaa ya upasuaji usiyoielewa.

Shuleni Uganda, mtoto wa Kongo aliyefika darasa la sita kwa Kifaransa huweza kurudishwa madarasa ya chini akae na watoto wadogo, kwa sababu ya Kiingereza tu. Nenda na ripoti zake za shule, hata zilizochakaa, uombe apimwe hesabu kwa lugha anayoijua kabla hajapangiwa darasa.

Kama wewe ndiye unayeombwa kutafsiri

Jirani akikugongea mlango akuombe umsindikize, mwambie ukweli kuhusu uwezo wako. Ukikubali, sema kwa nafsi yake: akisema "niliogopa", sema "niliogopa", usiseme "anasema aliogopa". Usifupishe, usipambe, usimrekebishie hadithi kwa kumhurumia. Mgongano ulioutengeneza wewe ataulipia yeye. Kicheko chako kwa neno lake la Kiswahili cha Kongo kinaweza kumfanya anyamaze siku nzima. Neno usilolijua, liulize kwa sauti mbele ya afisa, na umwambie afisa kwamba unauliza maana. Ulichokisikia humo ndani usikitoe nje, hata kwa mkeo au mumeo, hata jina lake likitajwa kwenye mazungumzo ya mtaani.